Kuziba Ufa kwa Saruji

Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta haikosi kutajwa katika darasa la Kiswahili, na mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu upesi kuwa mtu asiache kosa dogo likawa kubwa. Jibu ni sahihi, naye hupewa alama zake. Lakini methali hii, kabla ya kuingia darasani, ilitoka ukutani. Ni maneno ya watu waliokaa katika nyumba zinazofunguka nyufa, za mawe na chokaa au za miti na udongo, ambao kabla ya masika walizunguka kuta zao wakitazama palipoachana. Kwao ufa haukuwa mfano wa tabia mbaya, ulikuwa ufa. Leo methali imebaki na ukuta umesahauliwa, na hilo lingekuwa jambo dogo tu la historia ya maneno, lau kuta zenyewe zisingekuwa zinaanguka.

Zinaanguka Unguja katika Mji Mkongwe, na zinaanguka Lamu. Wala haziangushwi na uzembe peke yake, kama isemwavyo. Nyingi katika zile zinazougua leo zimekwisha kutiwa mkono: ufa ulizibwa, ukuta ukapigwa lipu, chumba kikapakwa rangi. Mwenye nyumba alifanya kama methali ilivyomwagiza. Kosa lake, kama ni lake, ni kwamba methali haikumwambia azibe kwa kitu gani, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia ila mwenye duka, na mwenye duka huuza alicho nacho.

Insha hii yasimama upande wa mtu anayetengeneza nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe. Yasimama dhidi ya mfuko wa saruji aliopewa. Tena ina maneno machache kwa wale wanaomlaumu mtu huyo huku wakiwa wamemwacha bila chokaa.

Yafaa kwanza kumtazama mwenye nyumba huyu, maana huzungumzwa sana na kutazamwa kidogo. Aghalabu si tajiri. Amerithi nyumba ya ghorofa mbili Kiponda au Mkunazini pamoja na ndugu sita, watatu wao wakiwa nje ya nchi. Au amenunua nyumba iliyochakaa kwa kuwa nyumba nzima haikuwezekana kwa fedha zake. Kazi yake huifanya siku za mapumziko. Mtoto humshikia ngazi, jamaa humkorogea mchanga, na vifaa vyake ni mwiko, karai, ndoo mbili na tindo ya kuazima. Wenye kazi zao humcheka na kumwita fundi wa nyumba moja. Jina hilo limekusudiwa kumdhalilisha, lakini ndani yake mna sifa kubwa: huyu ndiye fundi pekee ajuaye, usiku wa mvua, tone laangukia wapi.

Ujinga wake wa chokaa hakuutafuta. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na serikali, zikakodishwa vyumba vyumba, wakakaa jamaa kadhaa katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jamaa moja. Mpangaji hakuwa na ukuta. Na mwenye ukuta, yaani serikali, hakuwa na macho ya kuona kila mfereji uliotoboka juu ya kila paa. Zilipokuja kuuzwa tena kwa watu binafsi, kizazi kilichojua kuzitunza kilikuwa kimezeeka, au kimevuka bahari, au kimekwenda zake makaburini. Mtu akanunua nyumba pasipo maagizo yake, kama anunuaye dawa iliyobanduka karatasi.

Basi maagizo hayo ni yapi? Ukuta wa nyumba ya kale ya pwani hauna udugu na ukuta wa matofali ya saruji isipokuwa jina. Unene wake ni nusu mita, na mara nyingi zaidi. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, mepesi, yenye vitundu vingi, yakashikamanishwa kwa chokaa na mchanga, na mara nyingi udongo mwekundu. Hayakuchongwa yakalingana, palipobaki nafasi pametomewa kwa vijiwe na chokaa. Ukuta wa namna hii hauwi kitu kimoja kigumu. Hutua kidogo kidogo juu ya msingi wake usiokwenda chini sana, huvimba kidogo wakati wa masika, husinyaa kaskazi ikivuma. Na zaidi ya yote hunywa maji. Hunywa ya ardhini kwa miguu yake, hunywa ya mvua kwa uso wake, hunywa hata umande wenye chumvi utokao baharini. Kisha huyatoa yote hayo kwa ngozi yake, polepole, jua likitoka na upepo ukipita. Afya yake yote imo katika huko kunywa na kutoa.

Juu ya kuta hizo zimelazwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba; ndiyo sababu vyumba vya zamani ni virefu lakini upana wao aghalabu hauzidi mita 3. Ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta. Ukuta ukikauka, ncha hukauka. Ukuta ukilowa daima, ncha huoza mahali pasipoonekana na mtu, na dari yenye uzito wa mawe na chokaa hukaa juu ya unga. Mchwa hawahitaji kualikwa mara mbili.

Chokaa yaafikiana na ukuta huu kwa kuwa ni jamaa yake. Tumbawe huchomwa katika tanuu mpaka joto lipatalo nyuzi 900 hivi, likatokwa na hewa ya ukaa iliyokuwamo. Kinachobaki huzimwa kwa maji kikawa uji mweupe. Na uji huo ukipakwa ukutani huanza kuivuta tena ile hewa ya ukaa kutoka angani, siku kwa siku, mpaka urudi kuwa jiwe. Jiwe lilikwenda motoni likarudi jiwe, na jiwe lililorudi lina vitundu kama lile la mwanzo. Maji hupita. Ukuta ukitikisika, chokaa hufuata kidogo. Ikipata ufa mwembamba kama unywele, maji ya mvua huyeyusha chembe zake na kuziweka tena katika ufa ule ule, ukajiziba bila ya mtu.

Saruji ni ndugu wa mbali mwenye tabia nyingine. Hati ya kuitengeneza saruji ya Portland alipewa Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, mwaka 1824. Katika viwanda vya leo mawe ya chokaa huchanganywa na udongo, yakachomwa mpaka nyuzi 1450 hivi, na unga wake ukikutana na maji hugeuka mgumu kwa saa chache. Afrika ya Mashariki ilipata viwanda vyake: Bamburi karibu na Mombasa kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na Wazo Hill karibu na Dar es Salaam mwaka 1966. Kichekesho kimoja hakina budi kutajwa: mawe yaliyochimbwa Bamburi kulisha kiwanda ni matumbawe yale yale ambayo babu zao wenyeji waliyachoma kupata chokaa. Malighafi haikubadilika. Kilichobadilika ni matumaini ya mnunuzi.

Hapana anayesema hapa kwamba saruji ni kitu kibaya. Daraja lina haki yake, gati lina haki yake, na nyumba ya matofali ya saruji yafaa itengenezwe kwa saruji. Neno ni juu ya nyumba iliyozaliwa bila ya saruji.

Angaliwe yanayotokea ikitiwa humo. Mwaka wa kwanza ni furaha. Ukuta uliokuwa na madoa na mabonde umenyooka kama karatasi, majirani wapongeza, na mwenye nyumba aona fedha yake haikupotea. Masika ya pili ukuta watua kidogo, kama ulivyozoea kutua. Lipu ya saruji haikubali kutua nao, yapasuka. Ufa ni mwembamba, mtu hauoni, ila maji ya mvua yauona. Yaingia kwa urahisi, na kutoka hayawezi, kwa maana ngozi yote ya ukuta imezibwa. Yapanda juu ndani ya ukuta kama mafuta katika utambi. Chumvi iliyomo katika mawe yayeyuka, yasafiri mpaka nyuma ya lipu, yaganda pale na kuvimba. Ndipo bamba zima lililo sawa na mlango labanduka na kuanguka, na halianguki peke yake: lachukua uso wa jiwe lililoshikamana nalo, kwani saruji ina nguvu kuliko tumbawe, na wawili wakivutana hukatika aliye dhaifu. Mwenye nyumba atazama shimo, asema saruji ilikuwa haba, aongeza. Dawa yazidi na ugonjwa wazidi.

Yapo makubwa kuliko hilo. Boriti zilizooza hutolewa, likamwagwa zege lenye nondo mahali pake. Uzito mpya ukalala juu ya ukuta ambao katikati yake ni kifusi na chokaa, haukupata kupimwa kubeba zege. Mchanga uliotumika ukiwa wa pwani, chumvi yake yala nondo, nondo zapata kutu, kutu yavimba, zege lapasuka toka ndani. Choo na bafu zikapandishwa ghorofani, mabomba yakafichwa ukutani ili yasiharibu sura. Likitoboka moja, hapana ajuaye mpaka chumba cha chini kitoe jasho. Nyumba hizi zilikuwa na vyoo tangu zamani, lakini wajenzi wake walijua maji yatapita wapi na yataishia wapi.

Wapo wajibuo kwamba hizi ni kazi mbaya za saruji, si kosa la saruji. Ikipigwa na fundi hodari, yenye kipimo, haipasuki. Jibu hilo lina nusu ya kweli. Lipu iliyopigwa vizuri huchelewa kupasuka. Lakini hata isipopasuka imekwisha kuziba pumzi, na maji ya ardhini yapandayo kwa miguu hayakungoja ufa. Nguvu ndiyo inayotukuzwa, na nguvu siyo inayotakiwa. Jahazi hutikisika baharini, mbao zake zikaachana na kukutana. Ndiyo maana nahodha hukalafati kwa pamba na mafuta, na chini ya chombo hupaka deheni, yaani chokaa na mafuta ya mnyama. Angezijaza njia za mbao kwa kitu kigumu kuliko mbao, chombo kingefika mkondo wa kwanza kikafunguka. Hapana baharia asiyejua haya. Ajabu ni kwamba baharia huyo huyo akirudi nyumbani hununua saruji kwa ajili ya ukuta.

Tena, hoja ya nguvu haina ushahidi upande wake. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 1107 katika ukuta wa kibla. Haukukaa hivyo kwa kuwa ulijengwa kwa kitu kisichochakaa. Ulichakaa, na katika karne ya 18 sehemu kubwa ikajengwa tena, na kabla ya hapo na baada ya hapo umetiwa mikono ya watu wasiojulikana majina. Tumbawe na chokaa havikudumu kwa ukaidi. Vilidumu kwa kutengenezeka.

Hapa ndipo ilipo shina ya ugomvi. Saruji haiuzwi kwa nguvu yake tu. Yauzwa kwa ahadi, nayo ni ahadi ya kumaliza. Mtu hupiga lipu ya saruji ili asirudi tena pale ukutani. Chokaa haina ahadi hiyo. Yataka kila mwaka au kila miaka miwili mtu arudi, akwangue, atomee, apake. Watu wa kale hawakuona kuwa huo ni upungufu, kama wasivyoona upungufu katika kufagia. Nyumba ilikuwa na msimu wake wa kazi kama shamba. Hata sakafu ya juu ilipigiliwa kwa vipande, watu wamejipanga safu, wakipiga kwa pamoja na kuimba siku kwa siku mpaka chokaa ishikane. Na mwenye nyumba alijua kwamba iko siku watu wataitwa tena. Mtengenezaji wa leo amefundishwa kuona aibu ya kurudi. Ufa ukitokea mahali alipokwisha kuziba, huona ameshindwa, kumbe ndiyo kwanza ukuta wamzungumza.

Na ikiwa chokaa yataka kidogo kidogo na mara kwa mara, basi ni nani awezaye kuitumikia? Si kontrakta. Kontrakta huja mara moja katika miaka ishirini, hulipwa kwa kazi inayoonekana, akaenda zake. Saruji yamfaa yeye kuliko impavyo faida mwenye nyumba. Awezaye ni mkaaji. Ndiyo sababu wale wasemao kwamba nyumba za kale ziondolewe katika mikono ya wenyewe, ziachiwe wataalamu peke yao, wamelishika jambo kwa kichwa chake kilichopinduka. Chokaa ndiyo lipu ya mtu asiye fundi. Haigandi mkononi kwa saa moja, ikikosewa leo hukwanguliwa kesho, haitaki mashine. Saruji ndiyo isiyomsamehe anayejifunza.

Ipo mipaka, na ni vyema itajwe ili hoja isigeuzwe. Ukuta ulioinama, boriti zilizolika, ufa upandao toka msingini mpaka paani na kila mwezi wapanuka, hayo si ya Ijumaa jioni. Yataka mwashi ajuaye nyumba za mawe, na timazi yake, na mihimili ya kushikilia kabla jiwe halijaguswa. Lakini sehemu kubwa ya kinachoangusha nyumba si hicho. Ni bati lililotoboka, mfereji uliojaa majani, mche wa mtini uliomea katika ufa wa juu na kusukuma mizizi yake kila mwaka. Huko juu ndiko kazi ianziapo, na mtu mwenye ngazi aweza kuifanya. Kisha ashuke ukutani. Lipu ya saruji iliyokwisha kuachana na ukuta, ambayo ikigongwa hulia mtupu, ibanduliwe kwa tindo taratibu. Ile iliyoshika sana isilazimishwe, maana itaondoka na jiwe. Ukuta uachwe upumue, hata miezi, ukipigwa brashi chumvi inayotoka. Ndipo chokaa kwa mchanga, kiasi kimoja kwa vitatu, mchanga uwe safi usio wa pwani. Ukuta ulowanishwe kwanza. Tabaka ziwe nyembamba, ya pili ingoje ya kwanza. Na magunia mabichi yatundikwe mbele yake siku kadhaa ili jua lisiikaushe kabla haijavuta hewa. Macho yalindwe, na mikono pia, kwani chokaa mbichi huunguza. Katika haya yote hapana lisilowezekana kwa mtu aliyekwisha kupiga lipu ya saruji kwa mkono wake. Kazi ni ile ile ila haraka imetolewa.

Sasa yaja malalamiko ya haki. Mwenye nyumba atasema: chokaa hiyo iko wapi? Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985. Ulipata mpango wake wa hifadhi mwaka 1994. UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Atakaye kubadili nyumba yake hana budi kuomba ruhusa, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini katazo bila ya kibadala ni nusu ya sheria. Saruji yauzwa kila mtaa, kwa mfuko mmoja, jioni ile ile mtu apatapo mshahara. Chokaa iliyozimwa ikakaa ikaiva hununuliwa kwa kutafutwa, na mwashi aijuaye hutafutwa zaidi. Mtu akizuiwa kufanya vibaya na hakupewa njia ya kufanya vizuri, hufanya vibaya usiku.

Lamu jambo hili limefika mahali pa kuumiza. Tangu miaka ya 1970 wageni wenye mali wamenunua nyumba za kale huko na Shela, wakazitengeneza kwa chokaa, wakarudisha zidaka, wakasugua kuta mpaka zikang'aa kama ganda la yai. Kazi nyingi katika hizo ni nzuri, na mafundi wa Lamu ndio waliozifanya. Lakini mtaa wa pili mwenyeji aliyezaliwa ndani ya nyumba kama ile apaka saruji, kwa kuwa ndiyo anayoimudu. Chokaa iliyokuwa ya kila mtu imekuwa anasa, na saruji iliyokuja kama maendeleo imekuwa sehemu ya maskini. Wenye kuandika sifa za uhifadhi wa Lamu wangeitazama na hiyo mitaa ya pili.

Wala asije mtu akatumia jina la utaalamu kumnyamazisha mkaaji. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na kujulikana kuliko yote pwani hii, halikuwa mikononi mwa fundi wa nyumba moja. Sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 huku kazi ya kulitengeneza ikiendelea, na watu wakafa. Jumba lile lina mambo yake mwenyewe, ya chuma na ya miaka mingi ya kungoja, ambayo si mahali pake hapa. Ila yeye asemaye kwamba hatari imo katika mikono midogo tu hana budi alieleze.

Yabaki pingamizi la miti. Tanuu hula magogo, na boriti ni mikoko, na mikoko ndiyo ukuta wa pwani mbele ya bahari. Marufuku ya kukata miti iliyowekwa Kenya mwaka 2018 iliwagusa wakata mikoko wa Lamu, na haikuwekwa kwa uchokozi. Hili ni neno zito kuliko yote yaliyosemwa upande wa saruji. Lakini tanuu la saruji nalo lina moto, mkali kuliko wa chokaa, ila moshi wake hauonekani na mnunuzi wa Malindi. Nyumba iliyopo ikitunzwa haitaki boriti mpya mia. Yataka mbili, tatu, mahali pa zilizoharibika. Inayotaka mia ni ile iliyoozeshwa na kujengwa upya. Na chokaa yaweza kuchomwa katika tanuu lililofungwa vizuri, kwa kuni chache kuliko za rundo la wazi.

Limebaki deni la wasomi, nao wasidhani wamesahauliwa. Al-Inkishafi husomeshwa kila mwaka, na wanafunzi huandika kurasa juu ya majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Wengi wamefuzu kwa magofu hayo. Lakini aulizwe mwalimu au mwanafunzi tofauti ya kutomea na kukandika, au kipande cha kupigilia sakafu ni kitu gani, au kwa nini wakata mikoko hutenga fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa kwa unene wake. Wengi watafungua kamusi, na kamusi itawajibu kwa mstari mmoja. Maneno haya hayakufa kwa kushindwa na maneno ya kigeni. Yalikufa mikononi, kazi zake zilipoachwa. Hapana kamati ya istilahi iwezayo kuyafufua kwa kuyachapisha, maana neno kutomea haliishi ila palipo na ukuta, kijiwe na chokaa. Chuo kinachohuzunikia lugha kingefanya vyema kupeleka wanafunzi wake wiki mbili za likizo kwa mwashi mzee, wakabebe ndoo, wasikie anavyoita kila kitu, waandike. Na mwashi alipwe kwa mafunzo hayo kama alipwavyo mhadhiri mgeni.

Gharama ya kilichobaki si kubwa. Mtaa wahitaji shimo la chokaa, lililochimbwa likatandikwa mawe, lenye paa na mfuniko ili watoto wasitumbukie, na mtu mmoja wa kuuza kwa ndoo kwa bei isiyoshinda ya saruji. Mahali patapatikana katika viwanja ambavyo nyumba zake zimekwisha kuanguka, navyo si vichache. Shimo moja kama hilo lingetosha kwa Malindi yote, na chokaa itakayozimwa humo mwezi wa Juni ingekuwa imeiva kabla ya masika ya mwaka ufuatao.